Kujaribu Bila ya Kuharibu



Wasikilizaji wa bonde la Mto Tana na mwambao wetu, jambo ninalotaka kulizungumza usiku huu ni jambo la ufundi, na bila ya shaka wamo miongoni mwenu watakaosema kuwa ufundi wa kompyuta ni shughuli ya vijana waliosoma mjini, wala haimhusu mkulima wa mpunga au mvuvi wa pwani. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho, kwa kuwa majina yenu, namba zenu za simu, idadi ya ekari zenu, dawa mlizoandikiwa na daktari, na fedha mlizoletewa na watoto wenu walioko Mombasa au Nairobi, yote hayo leo yamo ndani ya hifadhidata, yaani madaftari makubwa yaliyomo katika kompyuta. Na yule aliyepewa ruhusa ya kuyagusa madaftari hayo ameshika amana yenu mkononi, mkimjua au msimjue.

Swali langu ni hili. Mtengeneza programu anapoandika maagizo mapya ya kuongeza, kubadili au kufuta habari zilizomo katika hifadhidata, atapata wapi ithibati kwamba maagizo hayo ni sahihi, kabla hayajawafikia watu wenye habari zao? Asipoyajaribu, amewatia watu katika hatari kwa uzembe. Na akiyajaribu juu ya habari za kweli bila ya hadhari, amewatia katika hatari ile ile kwa haraka. Baina ya uzembe na haraka iko njia ya tatu, nayo ndiyo nitakayoieleza: kujaribu kwa ukamilifu, juu ya kitu kinachofanana na kweli, huku mlango wa kurudia ukiwa wazi tangu mwanzo.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwaandikisha wakulima ili wapate mbolea ya ruzuku, na mkulima aliyeandikishwa alipashwa habari za mgao wake kwa ujumbe wa simu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mkulima mmoja wa Ozi amepoteza laini yake, amenunua nyingine, naye amekwenda kwa ofisa anayehusika akaomba namba yake ibadilishwe. Fundi aliyekabidhiwa kazi hiyo anaandika amri: badili namba ya simu, iwe hii. Akisahau kuongeza sharti dogo la mwisho, kwamba badiliko hilo ni la mkulima huyu peke yake, hifadhidata haitamwuliza wala haitastaajabu. Itatii amri kama ilivyoandikwa, na katika nukta chache kila mkulima aliyemo ndani yake atakuwa na namba moja ya simu, na ujumbe wa mbolea wa watu wote utakwenda kulia katika simu ya mtu mmoja. Aghalabu kosa la namna hii halifanywi na mjinga. Hufanywa na mtu hodari aliyechoka, jioni, akiharakishwa na mkubwa wake.

Watu wa Ozi wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Kijiji chao kiko karibu na mlango wa Tana, na wazee wao wamelima mpunga kwa kutazama bamvua na maji mafu: bahari inapojaa huyasukuma nyuma maji baridi ya mto, yakapanda hadi mashambani, na mkulima huyapokea kwa mifereji yake midogo na kuyafunga kwa wakati wake, lakini mto ukiwa haba, kinachopanda si maji baridi bali ni chumvi, na chumvi ikiisha kuingia ardhini haitoki kwa sababu mtu amejuta. Mto wenyewe unaopita hapo ni ushahidi mkubwa zaidi. Hapo zamani Tana haukuwa ukitokea baharini Kipini. Ulimwagika kusini zaidi, katika Ghuba ya Ungwana, na Ozi ulikuwa mto mwingine, mdogo, wenye mlango wake. Katika karne ya kumi na tisa, zama za masultani wa Witu, ukachimbwa mfereji wa Belazoni kuiunganisha mito hiyo miwili, ili vyombo vidogo na bidhaa zake vipite ndani kwa ndani bila ya kutoka baharini. Walakini maji hayakutosheka na kazi waliyoyapangia wachimbaji. Mafuriko yakaja, yakaupanua mfereji, na mwishoni mwa karne hiyo mkondo mkuu wa Tana ulikuwa umehamia humo, ukauacha mlango wake wa kale na kuushika ule wa Ozi. Njia ya mitumbwi ikawa mto. Hapakuwa na mto wa pili wa kujaribia, wala hapakuwa na amri ya kuyaambia maji yarejee yalikotoka.

Katika hifadhidata amri hiyo ipo. Hii ndiyo neema kubwa waliyopewa mafundi wa zama zetu na ambayo wachimbaji wa Belazoni hawakuwa nayo, na ni taksiri kwa fundi kuipuuza.

Jina la neema hiyo ni muamala. Muamala, kwa istilahi ya hifadhidata, ni fungu la kazi linalohesabiwa kuwa ni jambo moja lisilogawanyika: ama litimie lote, ama liwe kana kwamba halikuanzwa. Mtu akiwa Garsen akampelekea nduguye wa Kipini shilingi elfu moja, ndani ya hifadhidata mambo mawili hayana budi kutendeka: salio la mpelekaji lipungue, na salio la mpokeaji liongezeke. Ikiwa umeme utakatika baada ya la kwanza na kabla ya la pili, fedha itakuwa imetoka kwa mmoja bila ya kumfikia mwingine. Kwa hiyo mambo hayo mawili hufungwa katika muamala mmoja, na likishindikana moja, yote hutanguliwa. Mtu aliyelieleza wazo hili kwa ufasaha kuliko wengine ni Jim Gray wa Marekani, aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya IBM huko San Jose katika miaka ya 1970, na ambaye mwaka 1981 alitoa makala mashuhuri juu ya fadhila za muamala na mipaka yake. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Ujerumani, Theo Härder na Andreas Reuter, wakazikusanya sifa nne za muamala mwema: kwamba haugawanyiki, kwamba hauvunji kanuni za hifadhidata, kwamba ukiwa katikati hauingiliani na miamala ya wengine, na kwamba ukiisha kuidhinishwa hudumu, hata mtambo ukizimika. Gray alitunukiwa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya elimu ya kompyuta, mwaka 1998, akapotea baharini na mashua yake mbele ya San Francisco mwezi wa Januari 2007. Na kila fedha inayopita katika simu zetu hadi leo inapita chini ya hifadhi ya maarifa yake.

Namna kutangua kunavyowezekana ni hii. Hifadhidata iliyoundwa vyema haiandiki jipya juu ya la zamani na kuliangamiza papo hapo. Ama huandika kwanza, katika kumbukumbu ya pembeni, lililokuwapo na litakalokuwapo, ili iweze kurudi nyuma ikihitajiwa. Ama, kama ifanyavyo programu ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL, huuacha mstari wa zamani mahali pake na kuandika mstari mpya kando yake, na watu wengine wote huendelea kuuona ule wa zamani mpaka mwenye muamala aidhinishe. Akiidhinisha, jipya ndilo kweli. Akitangua, jipya huhesabiwa kuwa halikupata kuwako. Baina ya kuanza na kuidhinisha, fundi amesimama mahali pa pekee: anayaona matokeo ya amri yake kwa macho yake, na ulimwengu bado haujayaona.

Basi fundi mwenye busara afanyeje? Kabla ya kubadili lolote, huanza kwa kusoma: huiuliza hifadhidata ni mistari mingapi inayolingana na sharti lake, na kama amekusudia mkulima mmoja, jibu liwe moja. Kisha hufungua muamala. Kisha huendesha amri ya kubadili, na hifadhidata humjibu kwa kumtajia idadi ya mistari iliyoguswa. Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Ikiwa alitaraji mmoja naye ameambiwa maelfu, hana haja ya kutetemeka wala ya kumpigia mtu simu usiku. Hutoa amri ya kutangua, na maelfu hao hubaki walivyokuwa. Na hata ikiwa idadi imelingana, huusoma tena mstari wenyewe, akaangalia namba mpya imekaa vyema na jina halikubadilika, kisha hutangua vilevile, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa ni jaribio. Na baada ya mwenzake kuyapitia maagizo hayo kwa jicho la pili, ndipo huyaendesha kwa nia ya kuidhinisha. Kazi ikiwa ndefu, yenye hatua nyingi, aweza kuweka vituo katikati ya muamala, ili hatua ya tano ikikosewa arudi hadi ya nne badala ya kuanza upya.

Yule aliyeanza juzi kujifunza ufundi huu aweza kudhani kwamba hadhari hii ni ya kazi za mkono tu, na sivyo. Programu kubwa hujaribiwa na programu nyingine zilizoandikwa kwa ajili hiyo, mamia na maelfu ya majaribio madogo yanayojiendesha yenyewe kila fundi anapoongeza kitu kipya, na kila jaribio huhitaji kukuta habari zikiwa katika hali ile ile inayojulikana, isichafuliwe na jaribio lililotangulia. Mfano bora tunao hapa hapa Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mfumo wa kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta. Kutokana na kazi iliyofuata huko Eldoret ukazaliwa mfumo wa OpenMRS, ambao ulianza kutumika mwaka 2006 katika mpango wa AMPATH wa kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, na mwaka 2012 ukawa msingi wa KenyaEMR, mfumo unaotumiwa katika vituo vingi vya afya nchini. Mafundi wa OpenMRS wanapoujaribu msimbo wao, yaani maagizo ya programu yao, hawayagusi majina ya wagonjwa wa Eldoret wala wa mahali pengine popote. Majaribio yao huunda hifadhidata ndogo ya muda ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, yakaijaza wagonjwa wa kubuni, na kila jaribio hufunguliwa ndani ya muamala wake na kutanguliwa linapomalizika. Jaribio la pili hukuta kila kitu kimesafika, na kompyuta ikizimwa hifadhidata yenyewe hutoweka bila ya kuacha alama. Fundi aweza kumwandikisha mgonjwa wa kubuni, akamfuta, akamwandikisha tena, akamchanganyia dawa kwa makusudi ili aone kama programu itakataa, na hakuna mama aliye kitini katika zahanati atakayeitiwa dawa ya mtu mwingine kwa sababu ya majaribio hayo. Huo, wasikilizaji, ni uungwana katika umbo la ufundi.

Pamoja na hayo yote, ningekosa insafu kama ningewaambia kwamba amri ya kutangua hutangua kila kitu. Wapo mafundi vijana walioharibu kazi ya watu kwa kuiamini kupita kiasi, na mambo yasiyotanguka ni haya.

La kwanza ni lile linalotoka nje ya hifadhidata. Ikiwa programu yako, katikati ya muamala, imepeleka ujumbe wa simu kwa mkulima kumwambia mbolea yake iko tayari, utaweza kuutangua mstari katika hifadhidata, lakini ujumbe umekwisha kumfikia mtu, naye ameshakodi pikipiki kwenda kuchukua magunia yasiyokuwapo. Kwa hiyo katika majaribio milango yote ya kutokea nje, ya ujumbe, ya barua pepe na ya malipo, hufungwa kwanza, na mahali pake huwekwa kifaa cha kuigiza kinachoandika tu kwamba hapa ujumbe ungepelekwa.

La pili ni namba za mfuatano. Hifadhidata nyingi, na PostgreSQL ni mojawapo, zikiisha kutoa namba mpya ya mstari hazirudi nyuma hata muamala ukitanguliwa. Namba iliyotumiwa katika jaribio hurukwa, na anayefuata hupata ile ya mbele yake. Jambo hili si kosa, limekusudiwa ili miamala mingi iende pamoja bila ya kungojeana. Lakini ofisi inayotaka risiti zake zifuatane pasipo pengo hata moja, kisha ikaruhusu majaribio katika hifadhidata yake ya kweli, itakuja kuulizwa na wakaguzi kuhusu risiti ambazo hazikupata kuandikwa.

La tatu ni mabadiliko ya umbo la hifadhidata yenyewe, kama vile kuongeza au kufuta jedwali. Katika PostgreSQL hata hayo aghalabu hutanguka. Lakini katika MySQL, na kadhalika katika Oracle, amri ya kubadili umbo huuidhinisha papo hapo muamala uliokuwa wazi, bila ya kukuuliza. Fundi aliyezoea hifadhidata ya kwanza akihamia ya pili na mazoea yake, atafungua muamala, atafuta jedwali, atatoa amri ya kutangua, na hakuna kitakachorudi.

La nne ni kufuli. Muamala ulio wazi huishikilia mistari iliyoguswa, na mtu mwingine anayetaka kuibadili mistari hiyo hana budi kungoja. Fundi akifungua muamala juu ya hifadhidata inayotumika, akabadili mistari, kisha akaondoka kwenda kula chakula cha mchana akinuia kutangua akirudi, hakuharibu habari hata moja. Walakini makarani wa vituo vyote wamekaa mbele ya kompyuta zisizojibu, na foleni ya watu imefika barabarani.

Kutokana na mambo hayo manne hupatikana hukumu moja: muamala unaotanguliwa ni kinga njema, lakini haufai kuwa kinga ya pekee, na mahali panapostahili kujaribiwa msimbo si katika hifadhidata ya kweli bali ni katika nakala iliyotengwa, katika seva, yaani kompyuta kuu, nyingine, yenye neno la siri jingine, ambayo hata ikiteketea yote hapatakuwa na mtu wa kulia. Na katika hifadhidata ya kweli, mafundi wengi wapewe ruhusa ya kusoma tu. Ruhusa ya kubadili ibaki kwa wachache, na kwa kazi maalumu. Mtu asiyeweza kubadili hawezi kuharibu kwa bahati mbaya, na kumnyima ruhusa asiyoihitaji ni kumhifadhi yeye pamoja na habari za watu.

Hapa lakini ipo hatari nyingine, na naisema kwa mkazo kwa sababu katika ofisi nyingi hudhaniwa kuwa si hatari. Njia nyepesi ya kupata nakala ya kujaribia ni kuichukua hifadhidata nzima ya kweli na kuihamishia katika kompyuta ya fundi, pamoja na majina, namba za vitambulisho, magonjwa na madeni ya watu, kompyuta ambayo yaweza kuibiwa katika matatu au kusahauliwa mkahawani. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka habari za mtu zitumiwe kwa kusudi lile zilizokusanyiwa, na inazipa habari za afya hifadhi ya pekee. Na mgonjwa wa Garsen aliyeeleza maradhi yake ili atibiwe hakuyaeleza ili yawe vitu vya kujaribia programu. Njia iliyo safi ni kubuni wagonjwa na wakulima wasiokuwapo, au kuyafunika majina na namba za kweli kabla nakala haijatoka, kwa namna ambayo hata fundi mwenyewe hawezi kuwatambua wenyewe. Lakini habari hizo za kubuni zisiwe nyepesi kupita kiasi. Mtu aliyebuni wakulima kumi, wote wenye majina mawili mafupi na simu moja moja, hatagundua kwamba programu yake inakwama inapokutana na mtu mwenye majina manne, au mwenye alama ya ritifaa katika jina lake kama ilivyo kwa ng' ya Wapokomo na majirani zao, au ajuza asiye na simu kabisa anayetumia ya mjukuu wake. Data ya majaribio ni lazima ifanane na watu wa Tana kama walivyo.

Katika mambo ya fedha nchi yetu imepata mafunzo yanayofaa kukumbukwa. M-Pesa, huduma ya kupelekeana fedha kwa simu, haikuanza kwa kumwagwa nchi nzima siku moja. Mwaka 2005 kampuni za simu za Safaricom na Vodafone ziliijaribu kwa watu mia kadhaa tu katika Nairobi na Thika, wengi wao wakiwa wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, waliokuwa wakilipa mikopo yao kwa simu. Na katika jaribio hilo ikadhihirika kwamba watu waliitumia zaidi ya walivyotarajiwa, wakipelekeana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa mwezi wa Machi 2007 ilikuwa imekwisha kubadilishwa kufuata mafunzo hayo. Na mwaka 2017, Safaricom ilipofungua mlango wake uitwao Daraja ili watengeneza programu wa nje waziunganishe kazi zao na M-Pesa, iliwawekea kando uwanja wa majaribio wenye namba za biashara za kujaribia. Kijana wa Garsen anayetaka kutengeneza programu ya kulipia nauli ya boti hajaribii katika salio la mteja. Hujaribu katika uwanja huo, akakosea na kukosolewa, na anapokuwa tayari ndipo huomba kuvuka kwenda katika uwanja wa kweli. Ofisi zetu za umma hazina udhuru wa kukosa uwanja kama huo.

Asije mtu akadhani kwamba haya ni mashaka ya nchi changa. Tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za watengeneza programu wa ulimwengu mzima, akiwa kazini usiku katika kurekebisha hifadhidata mbili zinazofuatana, alifuta faili za ile iliyokuwa ikitumika akidhani anafuta za ile ya pili. Alipotanabahi na kusimamisha amri, katika gigabaiti zipatazo mia tatu zilikuwa zimebaki chache mno. Wakatafuta nakala za akiba. Njia walizokuwa wamezipanga za kuhifadhi nakala zikaonekana, moja baada ya nyingine, kuwa hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua saa sita kabla ya hapo kwa ajili ya hifadhidata ya majaribio. Habari za saa sita zilipotea, na zilizobaki zote zikarudi kupitia mlango wa majaribio. Kampuni hiyo ilistahili sifa kwa kulieleza jambo lote hadharani, bila ya kumtupia lawama mtu mmoja. Na fundisho lake kwetu ni kwamba nakala ya akiba isiyowahi kujaribiwa kurudishwa haijawa akiba bado, na kwamba anayejizoeza kujaribu mara kwa mara hupata kinga hata mahali asipoitafuta.

Nimesema mengi, na sasa nayakusanya kwa kila mmoja wenu.

Kwa vijana wa Tana mnaojifunza ufundi huu, Hola, Garsen au katika vyuo vya Mombasa na Malindi: jizoezeni kufungua muamala kabla ya kuandika amri ya kubadili, iwe ni tabia ya mkono kama kuvaa viatu kabla ya kutoka. Someni kabla ya kubadili, hesabuni mistari, tangueni kwanza, idhinisheni baadaye, yajueni yasiyotanguka katika hifadhidata mnayoitumia, na msione haya kumwomba mwenzenu ayapitie maagizo yenu.

Kwa wakuu wa ofisi za kaunti, za hospitali na za vyama vya ushirika: msimwamuru fundi alirekebishe jambo leo hii, katika hifadhidata ya kweli, wakati hamkumpa seva ya majaribio wala muda wa kujaribu. Gharama ya seva moja ya kando ni ndogo, na hasara ya orodha moja iliyochanganyika wakati wa mafuriko, wakati kaya zinangojea chakula na hema, haina bei. Mnaponunua mfumo, andikeni katika mkataba kwamba majaribio yafanywe mahali pa kando, kwa habari za kubuni, na kwamba kurudisha nakala ya akiba kujaribiwe mbele ya macho yenu kila mwaka.

Na kwenu ninyi wengine, wakulima, wavuvi, wafugaji, akina mama wa sokoni: siku mtakapoitwa tena kuandikishwa, muulizeni kwa adabu yule anayeandika majina yenu kama mfumo wake umejaribiwa, na umejaribiwa kwa habari za nani. Si lazima mwelewe kila neno la jibu lake. Ofisa anayejua kwamba ataulizwa huandaa jibu, na anayeandaa jibu hana budi kuandaa kazi. Habari zilizomo katika madaftari hayo ni zenu, na haki ya kuuliza ni yenu. Iulizeni.